Tira, Tiya na Kamba ya Mlimani

Nilistaafu na kukabidhi funguo za biro, yaani ofisi, siku ya Ijumaa. Jumatatu yake niliamka kabla ya jogoo, nikanywa chai, nikavaa viatu, kisha nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikakaa mezani kuandika kile ambacho vijana wa idara ya hesabu waliniomba kabla sijaondoka: namna tulivyokuwa tukihesabu gharama ya mti uliovutwa kwa kamba, wakati nchi hii ilipoitwa Zaire na mimi nilipokuwa bado na meno yote. Wanadhani kulikuwa na kanuni ya siri. Kanuni ilikuwapo, nitaieleza. Haina siri yoyote.

Niliajiriwa kuwa pwanteri. Ni yule mtu anayesimama pembeni na saa na daftari wakati wenzake wanafanya kazi. Anaandika nani amefika, mashine imewaka saa ngapi, imezimwa saa ngapi na kwa nini, mti gani umefika juu na una unene gani. Hapendwi sana. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, alihamishiwa Kalemie kutoka Kongolo, na aliponiona na daftari siku ya kwanza alisema, "Basi umepata kazi ya kuangalia wengine. Jitahidi usichoke."

Kambi yetu ilikuwa kusini mwa mji, katika ile milima unayoiona mkono wa kulia ukiwa ziwani unaelekea Moba. Nilifika juu ya lori lililobeba mapipa ya mazutu, yaani dizeli, nimevaa viatu vyeusi vya ngozi nilivyonunua kwa ajili ya kazi. Barabara ilikwenda juu ya mgongo wa mlima na kuishia kwenye uwanja wa udongo mwekundu. Chini yake mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba ukidondosha kofia, unaiaga. Katika mteremko huo ndimo ilimokuwa milombwa na miti mingine mizuri ambayo reli iliitaka kwa mataruma na bandari iliitaka kwa gati. Trekta haliwezi kushuka pale. Ng'ombe hawezi. Watu walikuwa wakipasua mbao hukohuko chini kwa msumeno mrefu wa mikono miwili na kuzipandisha kichwani, ubao mmoja kwa nusu siku.

Kwa hiyo ililetwa kamba. Juu, penye barabara, kulifungwa winchi yenye injini kubwa ya mazutu, na kando yake mti mrefu uliokatwa matawi yote ukasimamishwa kama mlingoti. Kutoka kwenye mlingoti huo kamba nene ya chuma ilitandazwa angani, ikavuka bonde, ikafungwa kwenye kisiki kikubwa upande wa pili. Juu ya kamba hiyo kilitembea kigari cha magurudumu mawili. Kigari kilishuka chenyewe kwa uzito wake, watu wa chini wakafunga gogo kwa mnyororo, na winchi ikakivuta kigari na gogo lake hadi juu kwa kamba ya pili, nyembamba zaidi. Mti uliotaka watu ishirini na wiki nzima ulipanda kwa dakika chache. Mara ya kwanza nilipouona ukielea juu ya bonde nilisahau kuandika saa.

"Weye njo pwanteri mupya?" mtu aliniuliza nyuma yangu.

"Njo mimi, Papa."

"Viatu vile ni vya kuenda misa."

Huyo alikuwa Papa Kabwe, mwendesha winchi, mtu mfupi mwenye mabega mapana na overoli iliyokwisha kuwa na rangi ya mafuta. Alikuwa ameendesha kreni kwenye reli kabla ya kuja mlimani, na miaka yake yote ya kazi alikuwa ameketi kando ya injini. Alinipeleka kwenye moja ya nyaya zilizoushikilia mlingoti.

"Tiya mukono hapa."

Nikaweka mkono.

"Unasikia?"

"Nasikia inatetemeka."

"Haitetemeke. Iko nasema. Sasa inasema gogo limefika ku kona ya mawe. Sasa inasema wamefunga vibaya, linazunguka." Alirudi kwenye usukani wake, akapunguza, na baada ya muda gogo likatokea likizunguka taratibu kama nyama kwenye mshikaki. Nilidhani ni uchawi wa ufundi. Ilinichukua miaka miwili kujua kwamba Papa Kabwe alisikiliza kwa mkono kwa sababu masikio yake yalikuwa yanakwisha.

Sasa kanuni. Mashine ya kamba hula kila siku, ifanye kazi isifanye. Hilo ndilo la kwanza. La pili: kutandaza kamba mpya huchukua siku tatu au nne ambazo hakuna hata gogo moja linalopanda, na siku hizo lazima zilipwe na miti itakayofuata. Ukihamisha kamba mahali penye miti michache, kila mti unabeba mzigo wa siku hizo mgongoni. La tatu: kamba haijali sana uzito, inajali safari. Gogo nene na fito nyembamba hutumia karibu dakika zilezile, kwa hiyo gogo nene ni rahisi na fito ni ghali, ingawa kwa macho ya mtu wa kawaida ni kinyume. Na la nne, kadiri mti ulivyo mbali na njia ya kamba, ndivyo unavyoburutwa kwa pembeni, unakwama kwenye visiki, unakata kamba, unakula muda. Jumlisha siku za mashine, mazutu, kamba iliyochakaa na watu, gawanya kwa mita za ujazo zilizofika barabarani. Basi.

Tatizo lilikuwa sarafu. Bei iliyoandikwa mwezi huu ilikuwa kichekesho mwezi ujao, na ripoti yangu ya kwanza iliposomwa ofisi kuu ya Kalemie, noti nilizohesabia zilikuwa hazinunui hata karatasi ya ripoti yenyewe. Nikaanza kuhesabu kwa lita za mazutu na siku za mtu. Mita moja ya mulombwa, lita kadhaa na siku kadhaa. Mkuu wa kambi alinikemea kwamba hiyo si hesabu ya biro, kisha akaanza kuitumia mwenyewe.

Mkuu huyo tulimwita Shefu Ilunga. Kwenye barua alikuwa Sitwayen, yaani raia, kama serikali ilivyotaka sisi sote tuitwe, na alivaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku za matope. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeulizwa kila mwezi kwa nini mita moja ya mlimani ni ghali kuliko mita ya tambarare, na aliogopa siku ambayo jibu lake halitatosha na winchi itapelekwa kwingine. Aliniambia, "Pwanteri, weye uko na saa. Nitafutie pale wakati unapovujia."

Nikautafuta. Nilikaa wiki mbili nikipima kila kipande cha safari: kigari kinashuka, watu wanafunga, gogo linaburutwa, linapanda, linafunguliwa. Kuvuta kwenyewe kulikuwa kufupi. Muda mwingi ulivujia kwenye sauti.

Nieleze. Waliofunga magogo chini hawakuonekana kutoka juu. Mteremko uliingia ndani kama tumbo. Fundi wa kigeni aliyetufungia mashine alitufundisha kutumia firimbi, na alituachia tatu. Moja ilipasuka. Ya pili iliibiwa. Ya tatu, ninayo yakini, ilitumiwa na mwamuzi wa mechi za Jumapili mjini kwa miaka mingi. Tukabaki na maneno ya fundi yule, Kifaransa alichokuwa akipiga kelele siku za mwanzo: "tire" ya kuvuta, nasi tukaiita tira, na "lâche" ya kulegeza, nasi tukaiita lasha. Kwa kuwa sauti haikufika kutoka chini hadi kwenye injini, mtu mmoja alisimama katikati kwenye mwamba na kuipokeza. Na kulikuwa na sheria: kila sauti hurudishwa. Wa chini akiita "tira," wa katikati humrudishia "tira?" na hungoja "tira" ya pili ndipo aipeleke juu. Papa Kabwe naye hurudisha kabla ya kugusa usukani. Neno moja lilipanda na kushuka mara tano.

Niliandika ukurasa mzuri kuhusu jambo hilo, wenye mistari iliyonyooka. Nilionyesha kwamba kurudisha sauti kunakula muda mwingi kuliko kufunga gogo, na nikapendekeza kuwe na sauti moja ya kwenda tu. Nilipendekeza pia kwamba pwanteri asimame kwenye mwamba, kwa sababu pale anaona pande zote mbili na anaweza kuandika na kuita kwa wakati mmoja, na mshahara wa mtu mmoja unapungua. Shefu Ilunga alisoma, akanipiga begani.

Papa Kabwe aliposikia alifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. "Ile kurudisha haikuwa ya bure," alisema.

"Papa, inakula saa nzima kila asubuhi."

"Haya. Biro imesema." Akaenda kutia grisi kwenye kapi.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa sahihi. Magogo yaliongezeka, lita kwa kila mita zikapungua, na Kalemie ikatuma barua ya pongezi ambayo Shefu aliibandika kwenye ukuta wa stoo. Kisha wafungaji wetu wa zamani waliondoka, wote kwa pamoja, kufuata dhahabu upande wa kaskazini. Shefu aliajiri watatu wapya kwa haraka. Mkubwa wao alikuwa Papa Asukulu, Mbembe kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa, mvuvi na mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, aliyehamia Kalemie na mke wake baada ya kupoteza mtumbwi. Alikuwa na mikono ya mtu aliyevuta kamba tangu utotoni, na alifunga mnyororo vizuri kuliko wote waliomtangulia.

"Muti na samaki ni kintu kimoja," aliniambia siku ya kwanza. "Tofauti yake, samaki hataki kutoka, na muti hautaki kuingia."

"Kuingia wapi, Papa?"

"Ku karatasi yako."

Tulicheka. Hakuna aliyemfundisha maneno ya kuita. Mimi nilidhani Shefu amemfundisha, Shefu alidhani mimi. Siku ya kwanza alinisikia mwambani nikiita "tira," akaita "tira," kigari kikapanda. Kulegeza kulikuwa kwa nadra, na kwa wiki ya kwanza hakukuwa na haja.

Siku ya tisa ya wafungaji wapya, upepo wa ziwa ulianza mapema. Papa Asukulu alikuwa amefunga mulombwa mnene, mbali na njia ya kamba, na ulipoanza kuburutwa ukakwama nyuma ya kisiki. Niliuona kutoka kwenye mwamba. Niliita "Simama!" na winchi ikasimama, kamba imekaza kama uzi wa kinanda. Papa Asukulu akaingia kati ya gogo na kisiki kuusogeza mnyororo. Akainua uso, akaita.

Nilisikia "ti," kisha upepo, kisha "a."

Daftari langu lilikuwa mkononi. Nilikuwa na alama za mkato: T kwa tira, L kwa lasha. Niliandika T, na kabla wino haujatulia nikageuka juu na kuita, "Tira!"

Papa Kabwe akavuta.

Kisiki kiling'oka. Gogo liliruka, likageuka, likalala. Sikusikia kelele ya Papa Asukulu mwanzoni. Nilisikia wenzake wawili wakipiga ukelele, na nikatupa daftari nikashuka kwa makalio na mikono. Gogo lilikuwa juu ya mguu wake, chini ya goti. Kamba ingeweza kulinyanyua, lakini hakuna aliyethubutu kuita neno lolote, maana hakuna aliyejua tena neno gani lingefanya nini. Tukatumia miti na mabega. Alipotoka alikuwa anasema, "Nilisema ilegee. Nilisema ilegee, wandugu." Tulimpandisha kwa machela ya magunia, na lori likamchukua hadi hospitali mjini. Mguu haukukatwa. Ulipona umepinda.

Kesho yake Shefu Ilunga alikuwa na maelezo tayari. Mfungaji aliomba kamba ilegezwe. Mwendesha winchi alivuta. Kwa hiyo mwendesha winchi hakusikia. Kila mtu alijua Papa Kabwe masikio yake ni mazito, ila hakuna aliyekuwa amelisema kwa sauti, kama vile watu wanavyonyamaza juu ya ulevi wa mjomba. Sasa lilisemwa. Barua ya kumfukuza kazi ilipigwa taipureta. Alikuwa amebakiza muda mfupi kufikisha miaka ya kiinua mgongo, na kufukuzwa kwa kosa kulimaanisha asipate hata shati.

Alinijia jioni hiyo kabla ya jua kuzama, nikiwa nafuta daftari matope. Hakuketi.

"Mutoto yangu," alisema, "mimi nilisikia tira. Lakini haya masikio ninayajua. Nieleze weye. Uliita nini?"

Hapo ndipo ningeweza kuandika kwamba sikuwa na hakika. Kwa kweli, kuhusu Papa Asukulu sikuwa na hakika. Lakini yeye hakuniuliza Papa Asukulu aliita nini. Aliniuliza mimi niliita nini, na hilo nililijua. Nililijua pia pendekezo langu, mistari yake iliyonyooka, na sahihi yangu chini yake.

"Papa," nilisema, "nilipeleka juu kile kilichotoka chini."

Alinitazama kidogo. "Bon," akasema, akaenda.

Shauri lilifanyika Jumamosi kwenye stoo ya vipuri, mahali pekee penye sakafu ya sementi. Shefu Ilunga aliketi kwenye meza, barua mbele yake. Papa Kabwe alisimama. Wafungaji wawili walikaa juu ya magunia. Kwa niaba ya Papa Asukulu alikuja mkewe, Mama Anyesi, aliyepanda lori kutoka hospitali na kitenge cha kanisa na hasira iliyokunjwa vizuri.

"Sitwayen Kabwe," Shefu alisema, "ulisikia nini?"

"Tira."

"Mufungaji anasema aliomba kamba ilegee."

"Mimi nilisikia tira, Shefu."

Shefu hakubishana. Aliinuka kama mtu anayetaka kunyoosha miguu, akapita nyuma ya Papa Kabwe, akatoa bunda la funguo mfukoni na kuliachia. Zilipiga sementi kwa kishindo. Mama Anyesi alishtuka. Mimi nilishtuka. Papa Kabwe aliendelea kutazama meza, akingoja swali linalofuata.

Kisha aliona nyuso zetu, akageuka, akaziona funguo chini. Sijapata kuona mtu akizeeka mbele ya macho yangu ila siku hiyo. Aliinama akaziokota, akazifuta vumbi kwenye overoli, akamrudishia Shefu kwa mikono miwili.

"Samahani, Shefu. Zimeanguka."

"Munaona," Shefu alituambia, bila furaha, na akachukua kalamu.

"Mimi naona kitu kingine," Mama Anyesi alisema. "Hamujaniuliza mume wangu aliita nini."

"Aliomba kamba ilegee, Mama. Njo tunasema hivyo."

"Lakini kwa neno gani? Mume wangu ni muvuvi. Nyavu ikinasa ku mawe, hamutavuta, mutapasua. Muntu wa mbele anamuita wa nyuma, 'Tiya!' Tiya kamba, ishuke ku maji. Njo aliita. Ameniambia ku kitanda: 'Niliita tiya, wakavuta.'"

"Kulegeza njo lasha," Shefu alisema. "Kila muntu anajua."

"Nani alimufundisha?"

Shefu alinitazama. Mimi nilimtazama Shefu. Mmoja wa wafungaji wapya, juu ya gunia, akasema polepole, "Lasha njo nini?"

Tiya. Neno tunalolitumia siku nzima bila kulisikia: tiya chumvi, tiya maji, tiya mukono hapa. Kati yake na tira kuna herufi moja, na upepo ulikuwa umeila. Ningemrudishia "tira?" angenipigia ukelele wa hapana. Ni hilo tu lililohitajika, na ni mimi niliyeliondoa.

"Shefu," nikasema, "usitie sahihi."

"Pwanteri, zamu yako bado."

"Papa Kabwe alisikia sawa. Mimi njo niliita tira. Kwa sauti, uso nimemugeuzia. Hata kama angekuwa na masikio ya popo angevuta tu, maana njo nilimuambia avute. Papa Asukulu aliita tiya, mimi nikasikia tira, sikumurudishia. Iko ndani ya daftari." Nikaufungua ukurasa wenye matope na kumwekea mbele.

Aliutazama. "Hapa kuna T tu."

"Njo ile T."

"Tira ao tiya?"

"Nilipoandika ilikuwa tira, Shefu. Ilipotoka chini ilikuwa tiya."

"Na sheria ya kurudisha sauti?"

"Niliiondoa mimi. Ku ile ripoti."

Barua ya pongezi ilikuwa ukutani nyuma yake, na nilimwona akiikumbuka. Alikuwa ameitia sahihi ripoti yangu. Aliifunika kalamu, akaikunja barua ya kumfukuza Papa Kabwe mara nne na kuitia mfukoni mwa abakosti. Aliamua mambo matatu palepale, na kwa haki naandika kwamba yote matatu yalitekelezwa. Matibabu ya Papa Asukulu yalipwe kama ajali ya kazi. Papa Kabwe arudi kwenye winchi, ila asifanye kazi kwa masikio tena. Na kwa kuwa chini kulikosekana mfungaji mmoja, mfungaji huyo angekuwa mimi.

"Mpaka lini, Shefu?"

"Mpaka yule muguu upone."

Mama Anyesi alinipita mlangoni. "Weye ungesema mbele ya leo," aliniambia, "ningebaki na mgonjwa wangu."

Papa Kabwe nilimkuta nje, anavaa glavu zake kama vile siku ilikuwa inaanza. Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na aliyaangalia midomoni mwangu hadi yakaisha.

"Kukosea sauti si kitu," alisema. "Hata mimi nitakosea. Lakini siku ile nilikuuliza. Muntu anamuuliza muntu. Na weye ukanijibu kama biro."

Hakunisemesha tena kwa wiki nyingi. Alikula upande wa pili wa moto, na akiwa na haja nami alimtuma dereva wa lori.

Tulibadilisha ishara. Maneno yakaachwa kabisa. Tulikata matawi yaliyoficha macho, tukahamisha winchi na mlingoti hatua kadhaa hadi pale ambapo mwendesha winchi anaona chini, jambo lililokula siku nne bila gogo hata moja, na kila mfungaji akapewa vitambaa viwili, chekundu na cheupe. Chekundu juu, kamba isiguswe. Cheupe juu, vuta. Vyote viwili juu, legeza. Hakuna kitambaa, hakuna kinachofanyika, hata iwe saa nzima. Mita ya ujazo ikapanda bei kwa lita kadhaa na haikushuka tena. Shefu aliandika sababu mwenyewe, kwa mkono wake, na winchi haikuchukuliwa.

Kutoka chini kamba ni kitu kingine kabisa, vijana. Juu ni mstari kwenye karatasi. Chini ni uzito unaopumua juu ya kichwa chako, na mnyororo wenye baridi ya asubuhi unaong'ata vidole. Wiki kadhaa baadaye, siku yangu ya kwanza kufunga peke yangu, nilipewa gogo la wastani, limelala vibaya, mizizi imelikumbatia. Nilitambaa chini yake, nikapitisha mnyororo, nikafunga kama Papa Asukulu alivyokuwa akifunga. Nikatoka kinyumenyume, nikajikwaa, nikasimama nyuma ya mti kama tulivyofundishwa, nikainua kitambaa cheupe.

Kamba haikusogea.

Nikakiinua zaidi. Nilimwona Papa Kabwe kule juu, kichwa kidogo nyuma ya chuma, ametulia. Mkono wake haukuwa kwenye usukani. Alikuwa ananyoosha kidole, si kwangu, bali chini, miguuni pangu. Nikaangalia. Ncha ya mnyororo wa ziada ilikuwa imenizunguka kifundo cha mguu, imelala kwenye majani kimya kama nyoka aliyeshiba. Kamba ingekazwa, ningekwenda nayo.

Nikajitoa. Nikausogeza mbali kwa teke, nikarudi nyuma ya mti, nikainua kitambaa tena. Hakuvuta bado. Alinitazama kwanza kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, mtu aliyekuwa hajanitazama kwa wiki zote zile. Ndipo akashusha kichwa mara moja, na gogo likaanza kupanda.